Nimepewa dakika 40 niongee kuhusu kisukari na chakula kwenye kikundi chetu, nisaidieni nisiharibu

#1 Pilipili_Manga

Habari za usiku wakuu, wakubwa zangu shikamooni.

Mimi ni mama wa miaka 54, niko Tanga mjini, nina kisukari aina ya pili mwaka wa sita huu. Tuna kikundi chetu cha kuweka na kukopa, tuko akina mama 34, tunaojijua tuna sukari ni 9, wasiojijua Mungu ndo anawajua. Mwezi uliopita mwenzetu kakatwa mguu chini ya goti, kilianza kidonda cha kiatu tu. Basi kwenye kikao mwenyekiti akasimama, akasema jamani huyu mwenzetu (mimi) sukari ilimsumbua saivi imetulia, atupe somo la chakula Jumamosi ya wiki ijayo, dakika 40. Makofi yakapigwa hapo mimi sijasema hata ndiyo.

Ni kweli imetulia. Kile kipimo cha miezi mitatu, HbA1c, nilianza na asilimia 9.8, cha mwisho kimesoma 6.7, na dawa bado nameza, metformin asubuhi na jioni, sijaacha.

Sasa shida iko hapa. Siku tatu naandika nachana. Mara ya kwanza nikaanza na kongosho, insulini inafanyaje kazi, seli zinakataaje kuipokea, nikamsomea binti yangu anakata kitunguu, akaniambia mama wataanza kusinzia kabla hujafika kwenye chakula. Mara ya pili nikaandika orodha ya USILE, ikafika vitu 22. Nikaitazama nikajikumbuka mwenyewe siku ile ya kwanza natoka kliniki na karatasi ya fotokopi iliyofifia, kula tufaha, kula brokoli, kula shayiri. Brokoli mimi naijua kwenye TV. Nilifika nyumbani karatasi nikaisweka chini ya kitambaa cha meza nikapika wali wa nazi kama siku zote, maana karatasi ilikuwa haina neno lolote kuhusu wali wa nazi.

Kwahiyo naomba, wewe mwenye sukari au unayeuguza, siku ya kwanza ungetamani uambiwe nini? Na wataalamu mliomo humu nikosoeni mapema nisije nikamdhuru mtu. Wasikilizaji wangu wengi darasa la saba, wapishi kunizidi mimi, projekta hatuna, tutakaa uani kwa mwenyekiti chini ya mwembe.

#2 Kijiwe_Nongwa

Naweka kambi hapa, mzee wangu ana sukari na hasikii la mtu. Ngoja waje wenye uelewa.

#3 NesiWaZamu

Hongera mama kwa kuchana ile orodha, hiyo peke yake imeniambia somo litakuwa zuri. Mimi nipo kliniki ya kisukari miaka kadhaa, mkoa siutaji. Mgonjwa ukimpa vitu 22 vya kuacha anaacha viwili wiki ya kwanza na wiki ya tatu kaacha kuja kliniki.

Kabla hujapanga chochote, kuna jambo moja lazima uliseme hata kama muda umeisha. Katika hao 9 lazima kuna wanaomeza glibenclamide, wengi wanaiita Daonil, na huenda yupo wa sindano. Hiyo dawa inalazimisha kongosho kutoa insulini, umekula hujala yenyewe inasukuma tu. Wewe ukimpa somo tamu la kupunguza ugali, akarudi nyumbani akaukata wote kwa siku moja na kidonge akameza kilekile, usiku sukari inaporomoka. Metformin peke yake ni nadra kumshusha mtu hivyo, ndo maana wewe ulibadilisha chakula ukaona kawaida tu. Mwenzio anaweza kuanguka chooni.

Kwahiyo waambie anayetaka kupunguza wanga kwa kiasi kikubwa aende kwanza kwa aliyemwandikia dawa, ikibidi dozi ipunguzwe. Na wafundishe dalili: jasho jembamba, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, kuongea ovyo. Ukipima ikawa chini ya 4, au mashine huna ila dalili unaziona, vijiko vitatu mpaka vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida, subiri dakika 15, bado rudia, ikipanda ndo ule chakula. Aliyezimia msimmiminie kitu mdomoni, kimbizeni hospitali.

#4 Fundi_Geji

Mimi naona mnamzungusha mama wa watu. Kisukari ni sukari, acha sukari basi. Ila na mimi niwaulize swali, mimi sukari kwenye chai nimeacha mwaka wa pili huu, soda sigusi, asali tu kidogo, na kila nikienda kupima inasoma 13, 14. Nimeanza kuamini hizi mashine ni biashara za watu.

#5 Pilipili_Manga

Kaka Fundi kabla hatujalaumu mashine, jana ulikula nini?

#6 Fundi_Geji

Asubuhi chai ya rangi isiyo na sukari, chapati mbili na kiazi kitamu. Mchana ugali maharage pale kwa mama ntilie. Jioni ugali tena na dagaa. Hapo sukari iko wapi?

#7 Pilipili_Manga

Ipo kwenye chapati, kwenye kiazi na kwenye ugali mara mbili kaka yangu, na asali nayo ni sukari aliyeipika nyuki. Mimi nilikuwa kama wewe kabisa. Chai nilikunywa chungu kama shubiri nikajiona nimefunga mchezo huku nashusha sahani ya wali hadi naona maua ya chini. Ugali, wali, mkate, muhogo, magimbi, ndizi ya kupika, vyote ni wanga, na wanga ukishafika tumboni unavunjwa unakuwa glukosi, kitu kilekile mashine inachokisoma kwenye kidole.

Aliyenifungua macho si daktari, ni ile mashine unayosema ya biashara. Nikajipimia. Siku moja wali wa nazi sahani yangu ya kawaida: kabla ya kula 6.8, masaa mawili baadaye 13.9. Kesho yake wali uleule, sufuria ileile, ila nimepima kikombe kimoja cha chai, nusu ya sahani nikajaza kisamvu na kipande cha changu wa kuchoma. Kabla 6.5, baadaye 9.0. Nilikaa nikaiangalia ile 9.0 kama nimeletewa barua ya posa. Wali sijaacha, nazi sijaacha!

Na hapa mnisahihishe kama nimekosea, nilivyoelewa nazi yenyewe haina wanga wa kutisha, kosa lake ni mafuta, inanenepesha ukizidisha, na unene ndo unaofanya insulini isifanye kazi sawasawa. Kinachorusha namba ni mchele.

#8 NesiWaZamu

Umeelewa vizuri. Na hizo namba zako mbili ziweke kwenye somo kabla ya kitu kingine chochote, zinafundisha kuliko kongosho langu na lako.

#9 binti_pangani

Shikamoo mama. Mimi mama yangu anayo, na alichokuwa hajui ni kwamba futari yetu yote ni wanga juu ya wanga. Hebu angalieni meza ya pwani Ramadhani: tende, uji wa mchele, maandazi, muhogo wa nazi, viazi vitamu, magimbi, tambi za sukari, juisi ya embe, halafu saa nne daku nyepesi ni wali. Kitu kisicho wanga hapo ni samaki na kikombe. Tulichofanya nyumbani, hatujaondoa vitu vyote, tumekubaliana cha wanga kwenye sahani yake ni kimoja kwa usiku, leo muhogo basi gimbi kesho. Tende tatu ndogo na maji. Bamia au mchicha lazima uwepo hata wageni wakicheka.

Halafu suala la kufunga lenyewe uligusie mama maana kwenye kikundi chenu wengi ni waislamu nahisi. Kliniki walituambia aende mwezi mmoja au miwili kabla ya Ramadhani wapange dawa upya, na akiwa kwenye swaumu ikishuka chini ya 3.9 au ikapita 16.6 afungue hapohapo asisubiri adhana. Na kujichoma kidole kupima sukari hakufunguzi, wengi wanaogopa hilo wanashinda bila kupima mwezi mzima.

#10 Bwana_Dona

Uzi mzuri. Suluhisho ni moja tu mnazunguka, DONA. Sembe ni sumu. Mimi tangu nihamie dona na uji wa ulezi sina hofu, nakula nashiba.

#11 NesiWaZamu

Mkuu Dona dona ni bora kuliko sembe, sibishi, kiini na pumba vimo, nyuzinyuzi zimo, linakaa tumboni muda mrefu. Ila dona si ruhusa ya kula mlima. Wanga wake kwa uzito hauachani sana na wa sembe. Kila wiki napokea mtu anasema sister mimi nakula dona tu, tonge lake ukiliona ni ngumi ya bondia.

Na uji wa ulezi nao una jina kubwa kuliko kazi yake. Ulezi ukiwa punje ni kitu kingine, ukishasagwa laini kama poda ukachemka ukawa wa kunywa, tumbo limebakiziwa kazi gani? Unapita haraka. Ukiongeza vijiko vitatu vya sukari na ile lishe ya mchanganyiko wa nafaka saba ndo kabisa. Uji wa mgonjwa wa sukari uwe mdogo, mzito, bila sukari, na usindikizwe na yai au karanga.

#12 Bwana_Dona

Lakini babu zetu walikula ugali miaka yote na haya magonjwa hawakuyajua. Jibuni hilo.

#13 Mjuvi_wa_Kwamndolwa

Hilo lina jibu na limo kwenye maandishi. Miaka ya 80 Profesa McLarty wa Muhimbili na wenzake walizunguka vijiji vya Tanzania wakawapima watu wazima, matokeo yakatoka kwenye jarida la Lancet mwaka 1989: wenye kisukari hawakufika hata asilimia 1. Ukija utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, watu wa miaka 25 hadi 64, imepita asilimia 9. Umri waliopima haulingani na huu wa pili umechukua na mijini, kwahiyo usizigawanye namba hizo ukapata mara tisa ukashangilia, ila mwelekeo hata kipofu anauona.

Babu alikula ugali kweli. Alikula akitoka kulima, maji mbali, shamba mbali, akala na mlenda na kunde, soda aliiona Krismasi. Wewe unakula ugali wa babu ukiwa umekaa kwenye kiti cha ofisi na jioni unapanda bodaboda mita mia nne.

#14 Kijiwe_Nongwa

Hiyo ya mita mia nne imenipata mimi kabisa 😂😂

#15 TibaAsili_Kiboko

[Ujumbe huu umefutwa na modereta: kutangaza dawa]

#16 binti_pangani

Nilikuwa nasubiri saa ngapi atatokea huyo. Mama, lazima mtu atakuuliza kuhusu mlonge, karela, mdalasini, maji ya bamia. Jiandae.

#17 NesiWaZamu

Jibu langu huwa hivi: bamia kula, ni mboga nzuri, karela ukiiweza kula, mlonge pika kama mchicha. Nikiona mtu ananiuliza kwa ukali simkatazi mboga, namwuliza swali moja tu, je kidonge chako bado unameza? Hapo ndo utajua tatizo liko wapi. Wanaoletwa na sukari imeandika HI kwenye mashine (yaani imepanda hadi mashine imeshindwa kuisoma) wengi hawakuzidisha wali, waliacha dawa kwa ajili ya chupa ya elfu thelathini. Na ile chupa inayoshusha sukari kweli kweli siku mbili, mtu ajiulize ndani kumesagwa nini.

#18 Mzee_Kilo17

Wakuu mimi nije na ushuhuda. Niligundulika mwaka juzi, nilikuwa na kilo 96, HbA1c 8.4. Nikakata wanga karibu wote, nikashuka kilo 17 ndani ya miezi mitano, daktari akanitoa kwenye dawa mwenyewe, sasa ni mwezi wa kumi na moja nasoma 5.9. NIMEPONA. Mama waambie wenzako kisukari kinapona, hospitali hawataki kusema.

#19 Pilipili_Manga

Hongera sana mzee wangu. Ila hilo neno nimepona linaniogopesha kulitamka mbele ya wale akina mama, nikilisema tu kesho yake watu wanatupa vidonge. NesiWaZamu upo?

#20 NesiWaZamu

Nipo, zamu ya usiku hii nawajibu katikati ya mizunguko.

Mzee Kilo17 yako ni kweli na hospitali wanasema, sema hawakulipigia tarumbeta. Uingereza walifanya utafiti unaitwa DiRECT, wakina Roy Taylor wa Newcastle na Mike Lean wa Glasgow, ulitoka 2017. Watu 306, wote sukari yao haijazidi miaka 6, hakuna wa sindano. Nusu yao wakapewa chakula maalum cha kunywa, kalori kama 850 kwa siku, miezi mitatu mpaka mitano, wakatolewa dawa siku ya kwanza wakifuatiliwa kwa karibu. Baada ya mwaka, 46 kati ya kila 100 sukari ilikuwa chini ya kiwango cha ugonjwa bila dawa yoyote. Kwa wale tu waliopungua kilo 15 au zaidi, waliofika hapo walikuwa 86 kwa mia. Kwahiyo kilo zako 17 zinaeleza kila kitu. Mafuta yamepungua kwenye ini na kongosho, kongosho likapumua.

Sasa sehemu ya pili ya hadithi. Mwaka wa pili waliobaki hivyo wakawa 36 kwa mia. Walioendelea kufuatwa mpaka mwaka wa tano, 13 tu kwa mia. Kilo zilirudi, sukari ikarudi nazo. Ndo maana sisi hatusemi amepona, tunasema ugonjwa umetulia bila dawa, na HbA1c anaendelea kupima kila mwaka maisha yake yote. Na kama yupo mwenzenu mwembamba, tuseme wa kilo 48, asije akaanza kujinyima ili apungue, yake ni habari nyingine kabisa.

#21 Mzee_Kilo17

Sawa sister nimekuelewa. Mwezi wa Desemba nimeongeza kilo 3 sikutaka kuwaambia.

#22 Dereva_wa_Chalinze

Mnaongea mambo ya nyumbani tu, sisi tunaokula barabarani? Mimi ni dereva wa lori, nina sukari, mboga ya mama ntilie ni majani matatu yanaogelea.

#23 Fundi_Geji

Na mimi niulizie hapohapo, nikimwambia mama ntilie apunguze ugali ananiambia hela ni ileile.

#24 binti_pangani

Mwambie hela ileile, nusu ya ugali umpe mwingine, mimi niongezee mboga na maharage. Hakuna mama ntilie atakataa, ugali ndo unaomtoka mkaa na unga. Na kula maharage na mboga KWANZA, ugali umalizie, ukianza na majani na protini namba haipandi kwa kasi ile. Ukimaliza usirukie kwenye usukani, zunguka lori mara kadhaa, dakika kumi zinatosha. Kutembea baada ya kula kunashusha kuliko kutembea asubuhi halafu ukalala mchana kutwa.

#25 Mjuvi_wa_Kwamndolwa

Mama usisahau machungwa, nyie mko jirani na Muheza. Msimu ukifika watu wanakamua juisi jagi zima wanasema ni tunda halina neno. Glasi moja inameza machungwa matatu manne, nyuzinyuzi mmezitupa na maganda, sukari yote mmeinywa kwa sekunde ishirini. Chungwa moja la kumenya na kutafuna halina ugomvi na mtu.

#26 Pilipili_Manga

Nimeandika yote kwenye daftari. Nimekata shauri hivi: kongosho sentensi mbili tu. Naenda na sahani, upawa, kilo ya sukari, chupa tupu ya soda, na nimeazima mzani wa mwuza maharage wa mtaani. Sitawaambia usile hata mara moja. Niombeeni.

#27 Pilipili_Manga

MREJESHO, samahani ni mrefu.

Tulianza saa tisa na nusu badala ya saa nane, kawaida yetu. Nikaomba mama mmoja, mpishi wa shughuli maarufu hapa mtaani, apakue ugali kama anavyojipakulia nyumbani kwake, asijibane. Akapakua, tukaweka kwenye mzani: gramu 610. Nikawauliza hapo wanga ni kiasi gani, kimya. Nikawaambia ugali mgumu kama robo ya uzito wake ndo wanga, iliyobaki karibu yote maji, kwahiyo hapa tuna gramu 150, wakati mimi kliniki wananiambia mlo mmoja nisizidi 45 mpaka 60. Halafu nikachukua chupa ya soda ya mililita 350, nikaanza kuhesabu vijiko vya sukari kwenye sinia, moja, mbili, mpaka tisa, wakaguna. Hapo ndo nikawaambia ule ugali wa mwenzetu kwa hesabu ya wanga ni kama soda nne. Mama mpishi akasema we shetani toka 😂 uwanja mzima ukaangua kicheko na kuanzia hapo hakuna aliyesinzia.

Sahani tukaigawa kwa vijiti vya mishikaki: nusu mboga, robo samaki au maharage au dagaa, robo iliyobaki ugali au wali au bada (ugali wa muhogo). Kwenye bada pakazuka ubishi, mmoja akasema muhogo ni wa asili hauna sukari. Nikamjibu muhogo ni wanga mtupu, tena protini yake ni ndogo kuliko ya mahindi, robo yake ni ileile. Akasema basi robo yangu nitaisimamisha wima. Sawa, nilicheka na mimi.

Nilichokuwa sikukitegemea ni hiki. Nilidhani maswali yatakuwa ya chakula. Wapi! Karibu yote yalikuwa ya watu. Mama mmoja: mume wangu akiona ugali mdogo mezani anasema nimemlia hela ya matumizi, nifanyeje. Mwingine: ukweni nikikataa pilau naambiwa naringa. Mwingine analea wajukuu watano, anasema mimi nipike sufuria mbili kwa mkaa gani? Nikaona kumbe ile karatasi ya fotokopi ilikosea zaidi ya nilivyofikiri, iliandikwa kama vile mgonjwa anapika peke yake na anakula peke yake. Tukaacha daftari tukaanza kupeana mbinu. Huyu wa mume akaambiwa mboga na samaki zitangulie mezani nyingi nyingi, ugali uje mwisho, macho yatakuwa yameshashiba. Wa pilau akaambiwa chukua sahani, weka kijiko kimoja na kachumbari ya kufunika, zunguka nayo, hakuna mtu anayehesabu punje, wanachoangalia ni sahani mkononi. Wa wajukuu hana haja ya sufuria mbili, mchicha na kunde wale wote, hata watoto zinawafaa.

La glibenclamide nililisema kabla ya mengine yote, dada Nesi. Watano kati ya tisa wanaimeza. Mmoja akasema ndo maana usiku huwa naamka nimelowa jasho nilidhani ni joto la Tanga. Jumatatu kaenda kliniki, dozi imepunguzwa.

Na baada ya watu kutawanyika mmoja akanivuta pembeni, akaniambia kwa kunong'ona dawa ameacha miezi miwili, anakunywa ya kwenye chupa. Nikakumbuka maneno ya Nesi, sikumgombeza, nikamwuliza tu twende wote kesho? Tukaenda. Ilisoma 22. Wamemlaza siku tatu, katoka, anaendelea vizuri.

Dakika 40 ziliisha nikiwa ukurasa wa kwanza wa daftari. Ramadhani na machungwa sikufika, nimepewa Jumamosi nyingine.

#28 NesiWaZamu

Nimesoma mpaka nimesahau kumpa mgonjwa wangu dawa ya saa sita (natania, nimempa). Naomba ruhusa ile ya mzani na soda niibe kwa ajili ya kliniki.

#29 Kijiwe_Nongwa

Mzee wangu nimemsomea hii yote kwa sauti. Hajasema kitu. Ila jioni kamwambia bi mkubwa lete mzani.

#30 Fundi_Geji

Mama habari ya asubuhi. Jana usiku nimefanya ule mchezo wako, nimepiga nusu ugali, dagaa na matembele ya kujaza. Baada ya masaa mawili 10.6. Sijawahi kuona kumi toka mwaka jana. Nikajua nimeweza. Leo asubuhi sijala kitu naamka napima, 12.1. Sasa hii mashine inanichezea au?

#31 Pilipili_Manga

Haikuchezei kaka, usiku ini nalo huwa linatoa sukari yake, kwa wengine inapanda alfajiri bila kula. Ila niambie ukweli, kati ya saa nne na asubuhi hapo hukuchovya ile asali yako?

#32 Fundi_Geji

Kidogo tu. Kijiko kikubwa. Viwili.